Dawa Niliyoumwagia Mgomba

Enzi za Wadachi, mimi na mke wangu tuliishi kando ya ziwa, naye alitoka kwa watu ambao wanawake wao hufinyanga vyungu. Mvua tano zilipita bila mtoto. Ndipo mganga wa Busale, mama mtu mzima, akatupa mizizi ya kuchemsha. Tunywe wote wawili kila asubuhi. Ila kabla ya kunywa, mwenye kinyongo na mwenzake akiseme, ajaze maji kinywani, ayapulize chini. Ndiyo desturi yetu: hasira iliyofichwa hufunga tumbo.

Mke wangu alifinyanga vibakuli viwili, akanywa chake bila kukosa siku. Mimi, kaka yangu aliniona nacho akacheka: "Shemeji akizaa, wewe ndiye utakayenyonyesha?" Tangu hapo nikawa natoka nje na kibakuli changu, naumwagia mgomba wa nyuma ya nyumba, narudi nikifuta midomo.

Mizizi ikaisha, mtoto hakuna. Mama yangu akasema mke arudi kwao, na ng'ombe wetu wa mahari warudi. "Dawa mlikunywa wote," alisema. "Tumbo lake ndilo lililokataa." Mke wangu aliendelea kukanda udongo. Nami nikamwacha alaumiwe.

Asubuhi iliyofuata mke wangu akaniletea maji ya kupuliza kama kawaida.

"Dawa imeisha," nikamwambia.

"Na vinyongo navyo vimeisha?"

Nikamweleza habari ya mgomba, yote.

Alijaza maji kinywani. Kisha akakigeukia chungu alichokuwa akikifinyanga, akaanza kulainisha ukingo wake. Nikangoja. Jua likaupanda mlima, likatokea juu yake, na mashavu yake bado yamejaa. Machozi yalimtoka, mikono haikusimama. Nilistahili kutemewa usoni. Alipomaliza alikiweka chungu kivulini, akainama, akayapuliza maji chini polepole mpaka yakaisha.

Nilikuwa nimesoma misheni miaka miwili, nikaambiwa mengi juu ya msamaha. Sikuwahi kuuona ukikaa shavuni mwa mtu.

"Mkungu wa mgomba ule usiugawe," akasema. "Ni mwanangu." Tukacheka, kwa aibu. Halafu akasema: "Sasa nenda kamwambie mama yako."

Nilikwenda. Mama alinifokea mbele ya majirani, lakini habari ya ng'ombe haikusikika tena. Niliporudi mke wangu alisema neno moja tu, "Ndaga," asante ya kwetu, akanipakulia.

Mtoto hatukupata. Kama ningekunywa tungempata, sijui. Na yeye hakujua, akaishi nami hivyo hivyo. Yale maji hatukuyaacha, hata vita vya Wadachi na Waingereza vilipokuja, hata nywele zilipokuwa nyeupe. Siku nyingi kinyongo kilikuwa cha kuni mbichi tu.

Tangu tumzike, bado nachota maji asubuhi. Nasema kinyongo changu, kwamba ametangulia, najaza kinywa. Siku nyingine nayapuliza. Siku nyingine nashindwa, nayameza.