Ng'ombe za Noah

Tangu ile uchaguzi ya vyama vingi, Edinah hakuwahi kumsalimia Bethwel tena. Wakikutana pale majani chai inapimwa, anageuza kikapu anampa mgongo. Wamama wakimwambia asahau, anawajibu, "Sahauni yenu. Yangu inachechemea pale nyumbani."

Iliyokuwa inachechemea ni bwana yake, Noah.

Noah alikuwa mtu wa ng'ombe. Na Mkipsigis mwenye akili haweki ng'ombe zote boma moja. Ugonjwa ikiingia anabaki na kamba. Anapeleka moja kwa rafiki kule Siongiroi, ingine kule Chepseon. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni ya mwenyewe. Hiyo inaitwa kimanagan, na haipigiwi kelele. Kwa hivyo Noah alikuwa anazunguka kuona mali yake: anaingia boma hii, ananong'ona na mwenye boma, anaenda ingine.

Bethwel alijua hiyo yote. Samoe, ng'ombe ya Noah yenye madoadoa, ilikuwa kwake, watoto wake wakinenepa na hiyo maziwa. Lakini alikuwa masikio ya Ombati, kijana wa usalama asiyevaa yunifomu. Akamwambia Ombati ati Noah anazunguka kwa wazee akipanga mambo ya kupindua serikali.

Watu wa Ombati wakamchukua Noah. Wakamuuliza, "Watu wako ni nani?"

Mzee wa watu akasema ukweli. "Chelel yuko Siongiroi. Samoe yuko kwa Bethwel."

Ati hayo ni majina ya siri! Wakampiga mguu mpaka ikakataa kukunjika. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwa kiti kwenda kuangalia kama Chelel ana pembe. Akarudishwa, na majirani wakaogopa kukanyaga kwake.

Miaka ikaenda, sheria mpya ikatoka. Chifu akaita baraza, akaja afisa mmoja anaitwa Atuti, mpole, suti safi. Akasema watu wa ujasusi hawashiki mtu tena, kazi yao ni habari tu, na mwananchi akionewa kuna mahali pa kulalamika.

Edinah akasimama. "Kijana, mtu akikuletea maneno, nani anaenda kuangalia kama ni kweli?"

"Mama, zamani ilikuwa shida. Siku hizi na sisi tunaulizwa."

"Basi mimi naanzia hapa. Bethwel! Samoe ni mtu ama ni ng'ombe?"

Watu wakacheka. Bethwel akasimama, kofia mkononi.

"Ni ng'ombe. Nilijua. Ombati alisema nisipoleta jina, ataenda na mimi. Sikuwa na jina. Nikatoa Noah."

Noah, aliyekuwa amekaa karibu na Edinah, akauliza kitu moja tu. "Samoe bado yuko?"

"Alizeeka, akakufa. Watoto wake wako."

Hiyo jioni, jua bado iko juu, Bethwel akazileta hizo ng'ombe kwa barabara kubwa, kila mtu akiona. Noah akasimama langoni na fimbo yake, akiziita moja moja kwa sauti, yeye aliyekuwa ananong'ona maisha yake yote. Majirani wakaanza kuingia.

"Mpe huyu mtu maziwa," Noah akamwambia bibi yake, akionyesha Bethwel.

Edinah akaleta kikombe. Hakumkaribisha Bethwel ndani. Akampa hapo hapo nje.

"Kunywa," akasema. "Hii pia ni ya ng'ombe, si ya mtu."