Vijana Saba wa Bi Sindano

"Mimi sitoki," alisema Mwenyekiti, akanyoosha miguu yake juu ya meza ya tenisi ili kila mtu aone vizuri jinsi asivyotoka.

Bi Sindano alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake, jasho linamchuruzika, ameshaomba kwa upole mara tatu na kwa ukali mara saba. Wala hakuomba shamba. Aliomba saa moja tu ya Mungu: wanaume hawa saba watoke ndani ya chumba cha klabu ya vijana, wakanyooshe viungo kokote duniani, mpaka mkaguzi wa ofisi ya mji aje, ahesabu vijana, aende zake. Barua ilikuja na mhuri mwekundu. Chumba ni cha ofisi, kilitolewa kwa ajili ya vijana, na mkaguzi asipokuta angalau vijana saba ndani yake kitageuzwa stoo ya mapipa ya rangi. Anakuja leo saa tisa. Saa hizi ilikuwa saa nane na nusu, na kijana mdogo kuliko wote humo chumbani alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

"Shemeji," alisema Bi Sindano, maana Mwenyekiti alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, "nakuomba kwa heshima ya kaka yako aliye kaburini."

Mwenyekiti akamjibu kwamba kaka yake angekuwa hai, leo naye angekuwa mwanachama. Wenzake wakacheka, na mmoja wao ilibidi acheke huku kashika kiuno.

Ukiitafuta lawama ilikolala, utaikuta kwa Bi Sindano mwenyewe. Miaka ishirini na mitano iliyopita, akiwa fundi nguo mwenye cherehani moja yenye kikohozi, alichoka na vivulana vilivyokuwa vikivunja madirisha ya watu na kupiga miluzi mpaka ndege wakahama mtaa. Akavikusanya, akavitengenezea timu ya mpira. Kitambaa cha jezi hakikuwepo, kwa hiyo akakata pazia lake la sebuleni, lenye mawaridi makubwa kama sahani. Siku ya mechi ya kwanza golikipa wa upande wa pili alipoyaona mawaridi kumi na moja yanamjia mbio, alicheka mpaka akalala chini, na mabao tisa yakampita juu kwa juu. Wanasema hadi leo hawezi kuingia nyumba yenye pazia.

Sifa ikafika ofisini, ofisi ikatoa chumba, ila ikataka katiba. Bi Sindano hakupita shule hata ya dirishani, basi akawa anasema na fundi redio anaandika. Anayeruhusiwa kuingia ni kijana yeyote mwenye adabu. Anayefukuzwa ni mwizi na mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Uongozi ni kwa kura za wanachama. Akasema, tia nukta hapo. Kijana atoke lini, hakusema. Alidhani ujana ni kama gauni, likikubana unalivua mwenyewe, huhitaji kuambiwa. Kumbe wako watu gauni litawapasukia mgongoni na bado watakwenda nalo sokoni. Kila mwaka wanachama saba waliobaki wa timu ile walipiga kura, na kila mwaka wakachaguana wao kwa wao.

Na chumba chenyewe sasa, masikini. Meza ya tenisi ilikuwa ya drafti na ya miguu. Raketi walijipepea nazo. Kompyuta iliyoletwa na wafadhili ilikuwa imevishwa kofia ya Mweka Hazina, fundi wa mageti, na haikuwahi kufanya kazi nyingine. Ikifika saa saba mchana walikoroma, mabati yakanyanyuka vidole viwili na kushuka, yakanyanyuka na kushuka, hata jirani akawa anaanika nguo kwa upepo wake. Mtoto wa watu akichungulia anaambiwa asubiri zamu yake.

Watoto wakasubiria kwenye baraza ya Bi Sindano. Walikuwa kumi na wanne, wasichana kwa wavulana, wamebanana kati ya cherehani na pasi ya mkaa. Wanne wanakaa, kumi wanasimama juani. Wanajifunza kukata mikono ya shati kwenye magazeti, na mabinti wawili wanacheza tenisi ukutani kwa mifuniko ya sufuria, na wanaicheza kwelikweli. Wiki iliyopita aliwaeleza habari ya mkaguzi. Binti wa fundi saa, ambaye ndiye msemaji wao, akamwambia, "Bibi, tutakuja tukikuta pa kukaa. Kusimama tumechoka."

Na leo walikuja. Saa nane walipita dirishani, wakachungulia, wakaona nyayo kumi na nne zimepangwa juu ya meza, unyayo mmoja kwa kila mtoto. Wakaondoka bila neno. Wangetukana, Bi Sindano angekuwa na pa kuanzia. Ule ukimya ndio uliomfanya ashike ufagio.

"Mama, ng'ombe hazeeki maini," alisema fundi wa mageti.

"Na maini yako sina ugomvi. Juzi uliinama kuokota mpira, tukakuinua watu watatu."

Katibu akaingilia kati kusema kwamba wao wamejiandaa, mkaguzi atakuta vijana bila shida. Ndipo Bi Sindano akawatazama sawasawa. Wamenyoa ndevu. Wenye vipara wamevaa kofia. Mwenyekiti amepaka nywele dawa ya viatu, na kwa joto lile mstari mweusi ulikuwa unamshuka shingoni taratibu kama siafu wanaohama. Wawili walikuwa wamevaa jezi za mawaridi, nazo zimeishia juu ya kitovu. Bi Sindano alitaka kucheka, akakuta hasira imekalia nafasi yote.

"Mlipokuwa mnavunja madirisha," alisema polepole, "mlikuja mlangoni kwangu mna njaa na mna kiburi. Nani aliwaambia msubiri zamu?"

Fundi wa mageti aliteremsha mguu mmoja, akaufikiria, akateremsha na wa pili. Katibu akatazama dari. Kwa muda Bi Sindano aliona kama mlima unataka kusogea.

"Tuende wapi, shemeji?" aliuliza Mwenyekiti, na safari hii hakuwa na mzaha. "Nyumbani watoto wamejaa mpaka kwenye kiti changu. Kazini nabebeshwa lawama za watu wazima. Hapa ndipo mahali pekee duniani ninapoitwa kijana. Nikitoka hapo mlangoni, sirudi tena ujanani, na wewe unajua."

Bi Sindano, ambaye ulimi wake ulimpa jina lake, aliona ulimi huo umepoteza ncha. Alijua. Lakini wale kumi na wanne nao walikuwa na ujana mmoja tu, na ulikuwa unaishia barazani, juani. Akaegemeza ufagio ukutani. Akavuta pumzi ili awaambie hivyo, neno kwa neno, akasema, "Sikilizeni, wanangu—"

Mlango ukasukumwa. Mkaguzi alikuwa amewahi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limenyooka, faili kwapani, kalamu tayari kwa kuhesabu. Akawatazama wale saba mmoja baada ya mwingine, akaona amelelewa vizuri mno kuanza na kazi kabla ya salamu, akainamisha kichwa.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mwenyekiti kwa sauti nzito, na wale sita wakafuata.