Ardhi Isiyotumika

Kuna maneno mawili ambayo siku hizi mtu akiyatamka mbele yangu damu inanichemka: ardhi isiyotumika. Nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na mara moja kati ya hizo niliyaandika juu ya shamba la mama aliyekuwa amenikaribisha kwake na kunipa ugali.

Kazi yangu ni utafiti wa ikolojia. Nakaa Bombambili, ofisi yetu iko mjini Songea, na kazi tunayofanya ni kusaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi: hapa makazi, hapa mashamba, hapa ushoroba, yaani njia ambayo tembo na wenzao hupita wakihama kutoka pori moja kwenda jingine. Na ushoroba nautetea, nisieleweke vibaya. Tembo akizibiwa njia atapita katikati ya nyumba za watu, na hapo hapati nafuu mtu wala tembo. Sikusoma miaka yote ile ili nije kumnyang'anya mtu shamba.

Kijiji chenyewe kiko mbele ya Lusewa. Tulikwenda kiangazi, kila mmoja na rundo lake la fomu. Fomu alizitunga mkuu wa mradi wetu, msomi mkubwa, anajua kila kitu isipokuwa kulima. Kwa kila kipande cha ardhi lilikuwepo swali moja tu la maana: msimu huu umelima nini hapa? Chini yake visanduku vya kutia tiki. Mahindi, mihogo, ufuta, mbaazi, korosho. Cha mwisho, ardhi isiyotumika. Basi, imeisha hiyo.

Mama ninayemsema alikuwa mjane, umri wa mama yangu mzazi. Alinipeleka shambani kwake kwa miguu, akitangulia yeye. Nyasi zilinifika kifuani na vichaka vilikuwa vimeanza kuchipua.

"Hili nimelipumzisha, mwaka wa tatu huu," akaniambia. "Mvua zikianza narudi hapa. Lile la bondeni limechoka, mwaka huu halikunipa hata gunia la kufikia Krismasi."

Nilimwelewa vizuri kabisa. Mimi ni mzaliwa wa Mpitimbi. Bibi yangu alilima hivyo na mama yangu analima hivyo mpaka leo: shamba likichoka unaliacha, unahamia jingine, likipata nguvu unarudi. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kushika kalamu. Nikaangalia fomu nitafute pa kuliandika, sikupaona. Kulikuwa na nafasi pembeni ambapo ningeweza kuandika maneno matatu tu kwa mkono, lakini jua lilikuwa kali na dereva wetu ameshapiga honi huko barabarani. Nikatia tiki kwenye kisanduku cha mwisho.

"Umeliandika, mwanangu?"

"Nimeliandika, mama."

Kwa hiyo nikikasirika, naanza na mimi mwenyewe. Angekuwa mtafiti aliyeshuka kwenye ndege juzi ningesema hajui, tumsamehe. Mimi nilijua. Nilijifanya hamnazo kwa sababu fomu ilitoka kwa mkubwa.

Tiki zetu zikaunganishwa na picha za setilaiti, na ukiangalia kutoka juu, shamba lililopumzika na pori havina tofauti. Sikuonyeshwa ramani mpaka siku ya mkutano mkuu wa kijiji, ilipotundikwa ukutani ili ipigiwe kura. Nikaitafuta njia tuliyopita na yule mama, nikaifuata kwa macho hadi mwisho wake. Shamba lake lilikuwa limepakwa kijani, ndani kabisa ya ushoroba.

Nilimnong'oneza mkuu. Akanijibu bila kugeuza shingo, "Tutarekebisha baadaye. Kuna wageni hapa."

Mwenyekiti akauliza wanaokubali wanyoshe mikono. Yule mama hakuijua ramani, rangi zile hazikumwambia kitu. Alinitafuta mimi. Aliponiona akatabasamu, akanyosha mkono, kati ya watu wa mwanzo kabisa. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Tuliporudi Songea nilimfuata mkuu ofisini kwake, si mara moja. Mara ya kwanza alikuwa na haraka. Mara ya pili akacheka. "Binti, wewe ni mtafiti au wakili? Ardhi imekaa miaka mitatu haijaguswa, hilo ni pori. Hawa watu ni wavivu, tuseme ukweli."

Wavivu! Mwanamke anayeamka alfajiri kwenda bondeni na kurudi na kuni kichwani. Na huyo anayesema hivyo ana kiwanja chake hapa mjini, kimeota magugu miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata siku moja mtu amekwenda kukipaka kijani. Hayo yote nilimjibu moyoni. Mara ya tatu alinikumbusha, kwa upole mno, kwamba mkataba wangu unaisha Desemba na yeye ndiye anayeandika mapendekezo. Nikaufyata. Nikaendelea kuchora ramani za vijiji vingine.

Mvua zilipoanza, mtendaji wa kijiji kile akanipigia simu. Askari wa wanyamapori wa kijiji wamemkuta mama mmoja analima ndani ya ushoroba, wamemleta ofisini. Mama anasema mtaalamu wa Songea anajua habari zake. "Njoo na ramani yako, mtaalamu, tulimalize hili." Sikumuaga mkuu. Asubuhi yake nilikuwa kwenye basi la Namtumbo.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, miguu bado ina udongo wa jana. Jembe lake limeegemezwa nyuma ya meza ya mtendaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja." Akamgeukia mtendaji. "Huyu hapa. Si nilikwambia? Aliliandika yeye mwenyewe, nikiwa nimesimama."

Nikatandaza ramani. Nikasema lile ni shamba lake, lilikuwa linapumzika, nililiona kwa macho yangu. Ramani imekosea, na aliyeikosesha ni mimi. Nilisema nitaandika barua na kuitia sahihi, na mkuu wangu afanye atakavyo.

Mtendaji si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema mpaka ulipitishwa na mkutano mkuu, na mkutano mkuu tu ndio unaoweza kuubadilisha. Unaofuata ni baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo mama haruhusiwi kukanyaga pale. Wote watatu tulijua kwamba baada ya miezi mitatu hakuna mtu anayepanda mahindi.

Mama hakuhangaika naye. Alikuwa ananitazama mimi.

"Siku ile nanyosha mkono," akasema, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua, mama."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa kupoteza kazi."

Akatikisa kichwa polepole. Nilitamani anitukane. Ningeona nafuu.

"Na mimi pale ndipo kazini kwangu," akasema.

Akainuka, akamwomba mtendaji jembe lake. Mtendaji akamwambia jembe linabaki, ni kielelezo.