Viti Vilivyopishana Kitomanga

Mimi nakodisha viti vya harusi. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nusu yake niliimaliza shambani kwa mwalimu, napalilia mihogo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaona hesabu zilizomo humu akadhani ni zangu. Ni za mkamwana wangu, mke wa kijana wangu mkubwa, anayefundisha sekondari Lindi.

Viti ninavyo mia sita. Vyekundu mia tatu viko stoo ya Nangurukuru, vyeupe mia tatu viko Lindi mjini. Vyekundu ndivyo nilivyoanza navyo, enzi hizo watu wanakalia mikeka na mimi naambiwa naleta uzungu. Lakini hayo tuyaache, nitapotea njia.

Watu wakishauza ufuta, harusi zinakuja kwa mkupuo. Mwaka juzi nilipata tatu siku moja: Masoko, Kitomanga na Milola, kila moja viti mia mbili. Ya Milola ilikuwa ya binti wa dada yangu, tumbo moja mimi na yeye. Nikapanga kwa akili niliyozaliwa nayo: kila harusi ihudumiwe na stoo ya karibu. Masoko ikachukua vyake Nangurukuru. Kitomanga iko karibu zaidi na Lindi, basi ikapelekewa mia mbili kutoka Lindi. Milola nayo ni ya Lindi, ila Lindi pamebaki mia tu. Mia nyingine nikaipakia Nangurukuru, na mimi mwenyewe nikapanda mbele kwa dereva.

Tulipofika Kitomanga tukakuta lori la Lindi linashusha. Dereva wake akatucheka. "Mzee, vipi tena? Mimi naleta viti huku, wewe unavipeleka kulekule nilikotoka!"

Nami nikacheka, nikanywa chai, nikala na chapati mbili. Akili haijanifika bado. Ilinifika Milola, saa kumi na nusu jioni, ndoa imeshafungwa, nusu ya wageni wamekalia magunia ya ufuta. Shehe mwenyewe yuko juu ya gunia. Dada hakunigombeza. Alisema tu, "Ahsante, kaka. Viti vyako vitawafaa waosha vyombo."

Mwaka huu ikawa zamu ya binti yake wa pili, na siku ileile nikaitwa tena Masoko na Kitomanga, mia mbili mia mbili. Dada akapiga simu. "Vikichelewa tena, kaka, geuza hukohuko urudi navyo. Hata mjomba wa bibi harusi tutamwazima kwingine."

Nikaenda kwa mkamwana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nina viti vinanitesa."

Nikamweleza. Sasa, mkamwana hawezi kumwambia mkwewe kuwa alikosea. Akageuza kadi ya mwaliko, akaanza kuchora mistari nyuma yake. Hesabu hiyo ina jina la kizungu lililonishinda ulimi. Mimi naiita hesabu ya mistari.

"Viti vya kutoka Lindi kwenda Kitomanga tuviite eksi, baba."

"Eksi ni nani?"

"Ni idadi ambayo hatujaijua."

"Basi mwite mgeni."

"Haya, mgeni wa kwanza. Vya kwenda Milola ni mgeni wa pili. Sasa tuandike masharti."

"Kama ya mganga?"

"Kama ya mganga, ila haya hayataki kuku mweusi."

Masharti yenyewe mepesi: harusi isipungukiwe, na stoo isitoe kuliko kilichomo. Katika njia zote zinazotimiza hayo, tutafute ile inayokunywa dizeli kidogo zaidi. "Jibu huwa linakaa kwenye kona, baba," akasema. Mistari yake ilikuwa na kona mbili za maana. Ya kwanza ulikuwa mpango wangu wa mwaka juzi; aliigusa kwa kalamu, akakohoa. Ya pili iliipa Milola mia mbili nzima za Lindi. Kitomanga ilipata mia ya Lindi, na mia ya Nangurukuru.

"Lakini Kitomanga si karibu na Lindi?"

"Ni karibu. Ila vya Lindi ukivimalizia pale, vya Nangurukuru itabidi vipite palepale kwenda Milola. Vitapishana njiani."

Nikamkumbuka yule dereva na chapati zangu mbili.

Siku ya siku, saa tatu asubuhi, viti mia mbili vyeupe vimeshapangwa Milola, na dizeli imebaki. Kitomanga ndiko walikopiga kelele kwenye simu: mbona rangi mbili? Nikadhani nimeharibu. Kumbe wanawake wa upande wa bibi harusi waliteka vyeupe, wa bwana harusi wakateka vyekundu, wakaimbiana mafumbo mchana kutwa, na harusi ikafana. Mkamwana nilipomsimulia akasema, "Sharti la rangi hukuniambia, baba."

Na lipo jingine ambalo sikumwambia. Nilipomaliza kukagua turubai pale Milola, shehe amekaa kitini, wageni wote wamekaa, nikatafuta pa kukaa mimi. Hapana. Mia mbili ni mia mbili, na mia sita zote ziko kazini.

Dada akaniona nimesimama. Akaingia ndani, akatoka analiburuta gunia la ufuta, akaliweka mstari wa mbele kabisa na kulipangusa kwa kanga yake.

"Karibu, mjomba wa bibi harusi," akasema, na watu wakacheka.

Gunia la ufuta linateleza, usiombe. Nililikalia mpaka pilau ikaisha.