Chungu Hakijakauka

Wifi yangu Tabita alikuwa mtu wa chumvi, na mtu wa chumvi hajui kufupisha. Ukimuuliza ameamkaje, ataanza na jua lilivyozama jana. Mimi ni mtu wa kahawa, nina haraka zangu, na miaka ya mwanzo niliona Mungu ametuletea mtihani nyumbani. Baadaye nilimpenda kuliko ndugu zangu wengi wa damu, na hilo nalisema wazi ingawa wengine wao wangali hai.

Alitoka bondeni, upande wa Kamsamba, ambako joto halina adabu na ardhi yenyewe hutoa jasho la chumvi. Huko wanawake waliteka maji ya chemchemi, wakayachemsha katika vyungu vipana mpaka maji yaende zake na chumvi ibaki chini. Ni kazi ya kuchochea moto na kungoja, basi. Kwa hiyo walisimuliana, na walikuwa na sheria yao: hadithi haiishi chungu kikiwa na maji. Msimuliaji akiishiwa maneno na maji yangali yanatokota, sharti atafute mengine. Swala avuke mto mwingine, bibi kizee aote ndoto nyingine. Tena hakuna kulia mbele ya chungu. Walisema chozi likidondoka humo chumvi hukataa kushika, na mwenye kilio chake alikiweka mpaka chungu kikauke.

Mdogo wangu Osea aliteremka huko kutafuta chumvi ya kuja kuuza Mlowo. Akakuta binti anasimulia katikati ya mvuke, uso wake unaonekana na kupotea, akaketi. Hakuinuka mpaka hadithi ilipokwisha. Nyumbani tulishangaa safari ya chumvi imekuwaje ndefu namna ile. Aliporudi alikuwa na chumvi kidogo na mchumba.

Kwetu Mbozi hadithi zilikuwa za namna nyingine. Marehemu baba aliyeyusha chuma enzi za matanuri, kabla majembe ya dukani hayajaiua kazi yao. Mwanamke alikatazwa kusogelea tanuri, basi katika hadithi za baba hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Watu walizaliwa tu, sijui na nani. Kisha ikaja kahawa, tukawa tunaosha buni katika shamba la mzungu mmoja, na pale hadithi yako ilitakiwa iwe imekwisha kabla nyapara hajarudi upande wako. Kazi yenyewe ilitufundisha kuchagua. Buni zikitiwa majini, zinazoelea ni mbovu, tunaziengua na kuzitupa. Zilizozama chini ndizo nzuri. Tukasimulia vivyo hivyo. Mtu mbaya akijitokeza katika hadithi tunamwengua, tunamtupa, tunaendelea. Zilikuwa hadithi safi, fupi, na kesho yake huzikumbuki.

Tabita alipoletwa mferejini kuosha nasi, alianza hadithi ya msichana aliyefuata mvuke ajue unakokwenda. Nyapara akapita, akarudi, akapita tena, na msichana hata mtoni hajafika. Mikono yetu ikasimama majini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mabegani, hatuonani vizuri, tunasikia sauti yake tu na maji yanayopita. Nilipogeuka nikamwona nyapara naye amesimama nyuma yetu, mdomo wazi. Alipozinduka alitufokea sote, lakini kesho yake aliuliza kama yule msichana alifika.

Mwaka wa pili wa ndoa yao, kabla hawajajaliwa mtoto, Osea alivuka mpaka pale Tunduma akaenda migodini, kama walivyovuka vijana wengi baada ya vita ya Hitla. Waliorudi kutoka huko nao walikuwa na hadithi zao. Zote zilianza na "tulishuka" na kuishia na "tukapanda". Katikati hapakuwa na kitu. Ukimuuliza mtu huko chini kukoje, anaangalia viatu vyake. Nadhani anayeyasimulia sana ya chini hawezi kushuka tena kesho yake.

Basi siku moja baba mdogo Ezron, mkubwa wetu tangu baba alipofariki, alikwenda Tunduma kuuza maharage. Pale alimwona Lusungu wa Msangano, aliyekuwa mgodi mmoja na Osea, anarejea kwao. Lori lilikuwa linanguruma na Lusungu ameshaweka mguu mmoja juu. Baba mdogo akamuuliza habari za mwanawe. Lusungu akajibu, "Osea nilimwacha chini," na lori likaondoka.

Sisi ni watu wa jembe. Kwetu, mtu aliyeachwa chini ni mtu aliyefukiwa. Baba mdogo alirudi kwa miguu, amelibeba neno lile njia nzima bila kumwambia mtu, na alipofika uani alikaa kwenye kinu kilicholala akavua kofia. Hatukuhitaji kuambiwa zaidi. Mimi nilipiga yowe mpaka majirani wakaja na majembe wakidhani ni chui.

Tabita hakulia. Alimpigia baba mdogo magoti.

"Baba, nipe maneno yake yenyewe," alisema.

"Alisema, nilimwacha chini."

"Basi, baba. Chumvi nayo hukaa chini."

Akainuka kwenda kutafuta kuni. Wengine walisema ana moyo wa jiwe, wengine wakasema uchungu umempanda kichwani. Mimi nilisema yote mawili. Tulimtuma mtu Msangano akamuulize Lusungu vizuri, lakini Lusungu alikuwa amelala kwao usiku mmoja tu akaelekea Lupa kwenye dhahabu. Tukaweka matanga.

Katika ukoo wetu, siku ya kuanua matanga aliye karibu zaidi na marehemu husimulia maisha yake, tangu kuzaliwa mpaka kufa. Akishamaliza, marehemu amekwenda. Hapo ndipo vitu vyake hugawanywa na mambo ya mjane hukatwa. Ya Tabita yalikuwa yamekatwa tayari chinichini: hana mtoto, atarudishwa kwao Kamsamba, na mibuni ya Osea itachukuliwa na Yonathani, mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa anajiandaa kuoa. Hakuna aliyemchukia Tabita. Lakini mambo yalikuwa hivyo, na yeye aliyajua.

Siku yenyewe watu walipokusanyika baada ya ibada, walimkuta ameshawasha moto katikati ya uwanja. Kwetu hakuna chemchemi za chumvi, kwa hiyo alikuwa amechoma matete, akachuja majivu yake kwa maji, na maji yale ya kijivu ameyabandika katika chungu alichokuja nacho alipoolewa. Baba mdogo alikunja uso. Tabita akaketi, akaanza na mvua iliyonyesha siku Osea alipozaliwa.

Mvua ile mimi niliiona, nilikuwa msichana tayari, nami ndiye niliyemsimulia. Lakini mdomoni mwake ilikuwa mvua nyingine. Ilinyesha mpaka jua likaanza kushuka na Osea hajakatwa kitovu. Kila maji yalipopungua chunguni, Tabita alichukua kibuyu akaongeza. Baba mdogo akamuuliza kwa upole anamaliza lini. Akajibu kwamba chungu hakijakauka, baba. Watu wakaenda kupika, na tukapatana kuendelea Jumapili ijayo.

Ndivyo ilivyoendelea, Jumapili baada ya Jumapili, mavuno ya kahawa yakaanza na kushika kasi. Wazee walinung'unika kwamba matanga gani haya yasiyoanuliwa, kisha wakawahi kufika wapate mahali pa kukaa. Watu walikuja kutoka Mlowo. Maisha ya mdogo wangu hayakuwa marefu wala ya ajabu, na mtu wa kahawa angeyamaliza kabla ya nyapara kugeuka. Tabita aliingia ndani ya kila siku yake. Alisimulia alivyokuwa akila ugali akianzia pembeni, alivyofika Kamsamba nyayo zimechubuka akakataa kuzionyesha. Mvuke ulipanda, watoto walilala magotini mwetu, na mimi niliyembeba mgongoni nilianza kumwona kama mtu ambaye sikuwahi kumjua. Hata mabaya yake aliyaweka humo, uvivu wake na hasira zake, wala hakuengua kitu. Nilikuwa nikirudi nyumbani miguu haigusi ardhi, nikikumbuka mambo ambayo sina hakika kama yalitokea.

Aliposimulia yote aliyoyajua, akashuka naye mgodini. Hakuwahi kuuona mgodi. Alisema Osea ana taa kipajini na amekaa juu ya jiwe anangoja, na kule maji yanadondoka polepole, na kila tone analihesabu kwa jina la mtu wa nyumbani. Alitaja majina yetu. Lilipofika la Yonathani, alisimulia siku Osea alipomvusha mdogo wake mto uliofurika, mtoto amemkaba shingo mpaka anakosa pumzi, naye hakumwambia alegeze mkono kwa kuogopa ataanguka.

Yonathani alisimama. Nilidhani anakwenda haja.

"Shemeji, usimalize," alisema mbele ya watu wote. "Naenda kumwangalia."

Baba mdogo alimwambia aketi, asiwe mtoto. Lakini Yonathani, ambaye mibuni ile ilikuwa iwe yake hadithi ikiisha, alikwenda kuchukua koti na asubuhi alikuwa njiani kuelekea Tunduma. Tangu hapo nilimheshimu, na siku nyingine anaponiudhi hujikumbusha koti lile.

Zikafuata wiki ndefu. Tabita alikonda. Jumapili aliendelea, sauti imekauka, maneno machache, kimya kirefu, na watu bado walikuja kusikiliza hata kile kimya. Aliogopa. Aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tunakata matete mtoni, kwamba maji ya majivu anaweza kutengeneza mpaka mwisho wa dunia, lakini maneno yamemwishia, na siku moja atafungua kinywa na hadithi itajimalizia yenyewe. Nilimkatia matete mengi.

Walikuja siku ya kazi, asubuhi, tukiwa mferejini. Ukungu ulikuwa mzito na tuliona kwanza watu wawili wasio na miguu wanaelea juu ya njia. Mmoja alikuwa na koti la Yonathani. Wa pili alikuwa mdogo wangu, amenenepa kidogo, sanduku la bati begani. Nilitaka kupiga yowe, Tabita akanishika mkono kwa nguvu. Hakumkimbilia. Alimsalimu kwa mbali kama mke anavyomsalimu mume mbele za watu, akamwambia, "Karibu nyumbani. Hatujamaliza." Kisha akatangulia, mikono yake ikidondosha maji ya kahawa.

Uwanjani aliwasha moto na kubandika chungu. Watu walikuja wakikimbia, wakifika wanamwona Osea ameketi kwenye kigoda, wanashika vinywa. Lakini walikuwa wameshazoea sheria ya chungu, wakakaa kimya. Safari hii Tabita hakuongeza maji. Alisimulia kizimba cha kupandishia watu kilivyopanda kutoka gizani, jua lilivyomuumiza macho, njia ya Tunduma, ukungu, mfereji. Maji yakazidi kupungua, yakawa povu, yakawa uji, yakakauka. "Akafika kwake," alisema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na neno lingine.

Akakwangua chumvi ile ya kijivu, akampelekea kwanza baba mdogo Ezron kwenye kiganja.

"Ulisikia sawasawa, baba," alimwambia. "Alikuwa chini."

Baba mdogo alilamba, akafunika uso kwa kofia, mabega yakamtikisika. Alikuwa amebeba neno lile peke yake kutoka Tunduma, na sidhani kama kuna aliyekuwa amemhurumia mpaka hapo.

Osea alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, anatabasamu, haelewi. Baadaye alitueleza, kwa namna ya watu wa mgodi, kwamba siku Lusungu alipoondoka yeye alikuwa ameshuka chini kwa zamu yake, hawakuagana, kisha akapanda. Hayo tu, na akaangalia viatu vyake. Yonathani hakuwa amemwambia kitu njiani, kwa sababu mtu hasimuliwi matanga yake akiwa safarini. Alimwambia tu nyumbani anahitajika.

Tabita aliepua chungu, akakilaza pembeni kipoe. Halafu akaketi chini pale pale kwenye majivu, akaweka kichwa juu ya magoti, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha miezi yote ile, mpaka kuku wakatoka uwanjani. Wanawake wakaanza kumwitikia.

Osea akanisogelea, ameshtuka, akaninong'oneza.

"Dada Yunisi, nani amekufa?"

"Ni wewe," nikamwambia. "Kaa kimya, mwache amalize."