Tairi za Fundi wa Milango

Bwana Nabhan huchonga milango hapa Amu, kisiwani Lamu, na akikwambia mlango wake umeshika fremu, usijisumbue kutafuta upenyo. Hata unywele haupiti. Sifa hiyo tumeisikia mpaka tumechoka, sisi majirani zake.

Kigari chake hukiacha Mokowe, upande wa bara, maana vichochoro vyetu ni vya punda na miguu. Mwezi uliopita alitaka kukibadilishia rimu, kutoka inchi kumi na nne hadi kumi na sita. Muuza tairi alimweleza vizuri kabisa: rimu ikikua, ubavu wa tairi hupunguzwa, ili gurudumu zima libaki na kimo kile kile. Akampa shauri achukue 195/45, zenye ubavu mfupi.

Nabhan akainama, akapitisha vidole vinne kati ya tairi na bodi, akasikitika kama aliyeonyeshwa mlango wa mwanagenzi. "Pengo lote hili la nini?" Akachagua 205/55, pana na ndefu zaidi, zikajaza nafasi yote. Kigari kilipendeza kweli, kikiwa kimesimama.

Ijumaa mkewe, Bi Ruwaida, akapanda waende kumtazama dada yake mjini Hindi, huko huko bara. Kona ya kwanza tu, tairi za mbele zikasaga bodi hadi watu wakageuka. Nabhan akanyoosha usukani, kelele zikakoma. Akakata tena, zikarudi.

Bi Ruwaida akatengeneza buibui lake taratibu.

"Umeshika, mashallah," akasema. "Basi twende moja kwa moja, bwana, na wakati wa kurudi turudi kinyumenyume."