Komeo la Nje

Picha iliingia kwenye simu Cheche akiwa amepiga magoti juu ya fremu ya dirisha la mteja. Alisukuma miwani ya kazi juu ya paji la uso, akaitazama. Lilikuwa geti la mabawa mawili, limezibwa kwa shiti nzito ya chuma toka chini hadi juu, lina mikuki kileleni, na upande wa barabarani lina komeo refu lenye tundu la kufuli. Chini yake kaka yake alikuwa ameandika: "Tengeneza kama hili. La nyumbani. Usibadilishe kitu."

Aliiweka simu kifudifudi, akawasha grainda na kuanza kusaga mahali palipokuwa pameshasagwa.

"Bosi, hilo dirisha unalila," alisema Bubu.

Bubu aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Alikuwa mshirika wake katika karakana ile ya nyuma ya soko, na alimjua Cheche kuliko ndugu zake walivyomjua. Wateja walidhani jina la Cheche limetokana na kazi ya kuchomelea. Waliokua naye walikuwa na habari nyingine, kwamba jina lilikuja kwanza na kazi ikafuata. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuwaka haraka. Kinyume na walivyosema watu, hakuwa mtu wa kuzimika haraka. Hasira yake ilikuwa kama chuma kilichotoka motoni, ambacho rangi nyekundu huondoka mapema lakini ukikigusa bado kinakubabua.

Alizima grainda, akampigia kaka yake.

"Umeona komeo liko upande gani?"

"Nimeona. Ndiyo maana nimelichagua."

"Komeo la nje ni la banda la kuku, kaka."

"Usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu nani atakuwa anamfungulia mama."

"Mama Pacha. Ufunguo utakuwa kwake. Akija asubuhi anafungua, akiondoka jioni anafunga."

"Na usiku?"

"Usiku watu wanalala, mdogo wangu."

Mama Pacha alikuwa jirani waliyemwajiri kumpikia mama yao, kumfulia na kumtazama mchana. Alikuwa mwanamke mwema, lakini hakuwa na macho kisogoni, na mama yao siku hizi alikuwa anahitaji mtu mwenye macho kisogoni. Mama alikuwa ameanza kutoka. Akigeukiwa kidogo, alishashika njia. Mara ya mwisho dereva wa lori alimkuta kwenye kona kali, katikati ya barabara, amejitwisha beseni la nafaka, anakwenda kusaga. Kinu alichokuwa anakwenda kilifungwa Cheche akiwa bado anavaa sare za shule. Dereva alikanyaga breki hadi mzigo ukahama, akashuka kumwondoa njiani. Mama akamkaripia kwa kuziba njia.

"Kaka, angalau nusu ya juu tuweke nondo. Awe anaona barabara."

"Akiona barabara atataka kwenda."

Alilisema bila ukali wowote, kama mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa, na hilo ndilo lililomkata Cheche maini.

"Kwa hiyo tumfungie kwenye boksi."

"Wewe una njia nyingine? Itaje. Utafunga karakana uhamie kule? Mimi nina kazi na watoto wako shule. Mama siku moja atakanyagwa na gari, na tutalia wote kwa sauti moja. Sema, nakusikiliza."

Cheche aliutazama mlango wa karakana. Mara ngapi alikuwa amelishika wazo la kuhamia kwa mama yake, akalitua chini kabla halijamuunguza? Wateja aliwapata kwa jasho, katika kazi ambayo wanaume waliingia karakanani wakamuuliza yeye mwenyewe, "Fundi yuko wapi?" Asingewaacha hivihivi.

"Nitakuja kupima," alisema, akakata simu.

*

Nyumbani hakukuwahi kuwa na geti. Kulikuwa na magogo mawili na mti uliolazwa kati yake kuzuia ng'ombe, na mtu yeyote aliyetaka kuingia aliinama tu akapita. Ndani ya magogo ardhi ilipanda ghafla kuelekea nyumba, kwa hiyo mabawa ya geti yasingeweza kufunguka kwa ndani. Yangekwama kwenye udongo. Ilibidi yafungukie barabarani. Bubu alishika ncha ya futi, Cheche akashika nyingine, na mama yao akatoka, akasimama kuwatazama, mikono nyuma.

Siku hiyo alimtambua. "Umekonda," alimwambia binti yake. "Huyo mumeo hakulishi?"

"Huyu si mume wangu, mama. Huyu ni Bubu."

"Masikini. Toka lini haongei?"

"Mama, mimi mwenyewe najiuliza," alisema Bubu, na mama akacheka hadi akashika mbavu.

Kisha akaona futi. "Mnapima nini?"

"Geti."

"La nani?"

"Lako, mama."

"Mimi nina nini cha kuibiwa?" Alimtazama Cheche kwa muda, na uso wake ukawa kama wa mtu anayejaribu kukumbuka kama amezima jiko. "Nani amewaambia nataka geti?"

Cheche alijifanya anasoma futi. Bubu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuwa na neno.

Njiani wakirudi, ndani ya pikapu, Cheche alimwaga yote. Kwamba kaka yake hajalala nyumbani kwa mama tangu mazishi ya baba. Kwamba akija anakaa kwenye kiti cha mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Kwamba ni mtu wa kutuma: alituma tangi la maji, akatuma godoro, sasa anatuma geti. Bubu alimwacha aseme hadi koo likamkauka.

"Na wewe unalala huko mara ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Endesha gari, Bubu."

"Naendesha. Nimeuliza tu."

*

Angeweza kukataa kazi ile. Angeweza pia kulitengeneza geti anavyotaka yeye, na kaka yake akija akute limeshasimama. Alifanya jambo baya kuliko yote mawili. Aliamua kulitengeneza kama lilivyoagizwa, kwa ustadi wake wote, ili kaka yake asimame mbele yake na kuona kwa macho yake mwenyewe alichomwagizia mama yao. Wanataka boksi? Atawapa boksi.

Alilichora kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake halisi, akapima kona kwa kona hadi mistari ikakubaliana. Alikata mabomba ya fremu, akayachomelea, akageuza, akachomelea upande wa pili ili moto usiipinde kazi. Shiti aliibana pande zote, bila kuacha uwazi wa kupitisha wembe. Kila mshono aliusaga ukawa laini kama mgongo wa kijiko. Alisaga akiwa amekaza taya, na jioni meno yalimuuma.

"Hapa hata sisimizi atageuza," alisema Bubu akilizunguka. "Kazi ni nzuri, bosi. Sasa mbona una sura ya msiba?"

"Piga rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeusi. Si ndiyo ya kwenye picha?"

Hakuwahi kuwaza kwamba kaka yake angelipenda.

*

Nguzo za chuma zilikuwa zimeshakauka kwenye zege walipolipeleka. Walilinyanyua wakisaidiwa na vijana wa jirani, wakalitia kwenye bawaba, wakalisawazisha kwa pima maji, wakapaka grisi. Lilifunga bila mlio. Mama alikuwa ndani ya nyumba, anaogeshwa na Mama Pacha.

Kaka yake alifika wakati vijana wanaondoka. Aliliacha gari kando ya barabara, akaja akichagua pa kukanyaga, maana viatu vyake vilikuwa vinang'aa na udongo wa zege ulikuwa umetapakaa. Alisimama mbele ya geti. Cheche alimtazama usoni, akingoja.

"Hii sasa ndiyo kazi," alisema kaka yake, akaipiga shiti kwa kiganja kama mtu anayempiga rafiki begani. "Kumbe una mkono kiasi hiki? Mimi nilidhani mnatengeneza madirisha tu."

Katika miaka yake yote ya kuchomelea, ilikuwa mara ya kwanza kaka yake kuisifu kazi yake. Cheche alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Aligeuka akaanza kukunja waya wa mashine, akaukunja vibaya, akaukunjua.

"Hebu tujaribu na komeo," kaka yake alisema. Alilisukuma mwenyewe hadi mwisho, akatoa kufuli jipya mfukoni. "Nimenunua na funguo za ziada. Mmoja utakaa nao wewe, kwa dharura."

"Sitaki ufunguo wa kumfungia mama."

"Basi ni wa kumfungulia. Maneno tu hayo."

"Kama ni maneno tu, mwambie yeye."

"Nimwambie nini, na kesho atakuwa amesahau?"

Hapo ndipo waliposikia mtu anagonga.

Walishasikia watu wangapi maishani mwao wakigonga kwa hasira, kwa haraka, kwa shida? Huku hakukuwa kugonga kwa namna hiyo, wala kwa mtu aliyefungiwa. Shiti ilipigwa taratibu, kwa kifundo cha kidole, kisha kukawa na kimya cha adabu, kama afanyavyo mgeni asiyetaka kuwasumbua watu.

"Hodi."

Sauti ilitoka ndani.

Kaka yake aliweka kidole mdomoni. Bubu alikuwa amesimama na spana mkononi, haendi mbele wala nyuma.

"Hodi wenyewe."

"Usimjibu," kaka yake alinong'ona. "Atachoka, atarudi ndani. Lazima azoee."

"Samahani kwa usumbufu," ilisema ile sauti nyuma ya chuma. "Mimi ni mpita njia. Nina safari, na jua limekuwa kali. Naomba maji ya kunywa tu, niendelee."

Wakamsikia akijisemea, "Labda hawapo." Kisha wakasikia gauni likisuguana na shiti polepole kutoka juu kwenda chini. Alikuwa ameegemea geti, anakaa chini kuwangoja wenye nyumba.

Cheche alitazama mikono yake. Ilikuwa imeshikilia waya. Aliangalia ile mishono yote laini, na hasira aliyokuwa amempikia kaka yake kwa majuma ikamgeukia yeye mwenyewe. Alikuwa amemjengea kaka yake fundisho, na aliyefungiwa ndani ya fundisho alikuwa mama yake. Alilivuta komeo, akafungua bawa moja taratibu.

Mama yake alikuwa amekaa udongoni, nywele bado zina maji. Mama Pacha alikuwa anashuka mteremko mbio, taulo begani, anaomba radhi tangu mbali. Cheche alimwinua mama yake, akampa chupa yake ya maji. Mama akanywa kidogo, akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja kabla ya kuirudisha.

"Ahsante, mama," alimwambia binti yake. "Mna nyumba nzuri. Ila geti lenu, mniwie radhi, linamfukuza mtu."

"Ni kweli. Lina kasoro."

"Fundi wake ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi lirekebishe," alisema mama, bila lawama. Akapita katikati yao. Alimpita mwanawe kama anavyopitwa mtu aliyesimama kituoni, akaingia barabarani na kuanza kuteremka.

"Umeona?" kaka yake alisema. "Umeona sasa? Mrudishe."

"Mrudishe wewe."

"Dada, nina kikao mchana."

"Mfuate. Usimkamate, mfuate. Aende mpaka achoke, halafu urudi naye." Sauti yake ilikuwa chini, na Bubu aliyeijua sauti hiyo akarudi hatua nyuma. "Hiyo ndiyo kazi uliyotaka chuma kikufanyie. Hata mimi nilitaka. Jumatatu na Jumanne nitakuwa hapa mimi, na nitalala hapa. Wewe chagua zako."

"Huwezi kunipangia—"

"Kuna kona kule chini. Unaijua."

Honi ya gari ililia upande wa kona, mbali. Kaka yake aligeuka. Alisimama kidogo, kisha akaanza kutembea, kisha akakimbia, viatu vikiteleza kwenye changarawe, akiita "Mama" kwa sauti ambayo Cheche hakuwa ameisikia tangu wakiwa watoto.

"Amemfikia," alisema Bubu, amekinga macho na jua. "Wanashuka pamoja. Naona anampokea kitu mkononi. Hapana, bosi, mama ndiye anayemvuta."

"Washa jenereta pale kwenye pikapu."

Hasira haikuwa imemtoka. Alijua kaka yake atarudi na maneno, kwamba siku zilizobaki zitagombaniwa, kwamba wateja wataikuta karakana imefungwa na watakwenda kwa fundi mwingine. Jumanne usiku atakaa macho akisikiliza miguu ya mama yake sakafuni, na hakuna aliyemhakikishia kwamba yeye mwenyewe hatasinzia. Alishusha miwani machoni, akaiweka diski ya grainda kwenye shina la komeo, akasukuma kwa uzito wake wote. Komeo lilikatika likaanguka kando ya njia, majani mabichi yakafuka moshi chini yake. Hakulisubiri lipoe. Alihamia kwenye shiti, usawa wa macho ya mwanamke mfupi kama mama yake, akaanza kukata.